Deni kwa Wagonjwa 66: Historia ya seli za kinga dhidi ya saratani ya mapafu

Mwaka 1968, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya West Roxbury, pembeni mwa Boston nchini Marekani, alilazwa mzee wa miaka 63 aliyesumbuliwa na maumivu ya kibofu cha nyongo. Daktari kijana wa upasuaji, Steven Rosenberg, alipofungua jalada lake alikuta habari isiyoingia akilini. Miaka 12 nyuma mzee huyo alipasuliwa akakutwa na saratani ya tumbo iliyokwisha kufika kwenye ini. Madaktari waliondoa kilichoondoleka, wakafunga jeraha, wakamruhusu arudi nyumbani akangoje kifo. Hakupewa dawa yoyote ya saratani. Sasa alikuwa amerudi akiwa na afya yake, akilalamikia nyongo tu.

Katika upasuaji Rosenberg alilipapasa ini lote akitafuta uvimbe, asiupate. Akaenda kwenye kumbukumbu za maabara, vikatafutwa vipande vilivyohifadhiwa tangu upasuaji wa kwanza, vikachunguzwa upya. Ilikuwa saratani kweli, tena ya aina kali. Mwili wa mzee ulikuwa umeimaliza wenyewe.

Wodini alikuwamo mgonjwa mwingine mwenye saratani ya tumbo. Rosenberg aliomba ruhusa, akachukua damu ya mzee yule na kumtia mgonjwa huyo, akitumaini kwamba chochote kilichomponya wa kwanza kingemsaidia wa pili. Hakikusaidia. Mgonjwa alifariki, lakini swali likabaki: ikiwa mwili wa mtu mmoja umeweza kuifuta saratani iliyosambaa, umetumia nini, na je, kitu hicho kinaweza kutwaliwa, kuongezwa na kurudishwa kwa wengine?

Imechukua zaidi ya nusu karne kulijibu swali hilo kwa sehemu, na kwa saratani ya mapafu, inayoua watu wapatao milioni 1.8 duniani kila mwaka, jibu bado halijakamilika. Nalisimulia hapa kwa sababu moja. Simulizi za tiba huandikwa kwa majina ya waliopona na ya madaktari waliopata tuzo. Hii imejengwa, hatua kwa hatua, na watu waliokubali kujaribiwa wakafa, na bila wao hatungekuwa na cha kusimulia.

Seli iliyokuwa haijulikani kazi yake

Rosenberg hakuwa wa kwanza kuhisi kwamba mwili una silaha yake. Mwaka 1891 daktari wa upasuaji wa New York, William Coley, alianza kuwachoma wagonjwa wa saratani bakteria waletao homa kali, baada ya kusoma habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake ulitoweka alipopata maambukizi ya ngozi. Baadhi ya wagonjwa wa Coley walipona, wengine maambukizi yenyewe yaliwaua, na hakuna aliyeweza kueleza sababu. Mionzi ilipoingia hospitalini, tiba yake ikawekwa kando.

Sababu isingeweza kuelezwa wakati ule, kwani seli zinazofanya kazi hiyo zilikuwa hazijatambuliwa. Mwaka 1961, jijini London, mtafiti Jacques Miller aliwaondolea panya wachanga tezi ndogo ya kifuani iitwayo thaimasi, ambayo wataalamu wengi waliidhani haina kazi. Panya hao walishindwa kupambana na maradhi, na hata ngozi ya panya mgeni iliyopandikizwa mwilini mwao haikukataliwa. Ndipo ikajulikana kwamba humo hukomaa seli nyeupe za damu ambazo leo tunaziita seli T. Hizo ndizo zinazoikagua seli moja moja ya mwili na kuiua ile iliyovamiwa na virusi au iliyoharibika.

Tatizo lililofuata lilikuwa la kimaabara. Seli T zikitolewa mwilini zilikufa baada ya muda mfupi. Mwaka 1976, katika maabara ya Robert Gallo huko Bethesda, watafiti waligundua kwamba seli hizo hutoa kemikali inayozifanya ziendelee kugawanyika nje ya mwili. Baadaye kemikali hiyo ikaitwa interlukini-2. Mwaka 1983 Tadatsugu Taniguchi wa Japani na wenzake waliitenga jeni yake, na haikuchukua muda bakteria wakawa wanatumiwa kuizalisha kwa wingi.

Afrika Mashariki tuliijua seli T kwa njia ya msiba. Ufundi huohuo wa kuikuza ndio uliowawezesha watafiti wa miaka ya 1980 kuviotesha virusi vya Ukimwi na kuvitambua, kwa kuwa virusi hivyo huishi ndani ya aina mojawapo ya seli T, yaani CD4. Kuanzia Kisumu hadi Kagera, watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa la baiolojia walijifunza kusoma idadi ya CD4 kwenye kadi zao za kliniki na kuziita askari wa mwili. Wakati sisi tukihesabu askari wakipungua, kule Bethesda daktari mmoja alikuwa anajaribu kuwaongeza.

Sitini na sita

Rosenberg alizaliwa mwaka 1940 katika mtaa wa Bronx, New York, kwa wazazi Wayahudi waliotoka Poland. Amesimulia kwamba alipokuwa mtoto, baada ya vita, kadi za posta ziliwasili nyumbani moja baada ya nyingine zikitaja ndugu waliouawa katika kambi za Wanazi, na kwamba hapo ndipo alipoamua kuwa daktari. Mwaka 1974, akiwa na miaka 33, aliteuliwa kuwa mkuu wa upasuaji katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, huko Bethesda.

Alianza kuwatibu watu ambao dawa zote zilikuwa zimeshindwa, wengine kwa seli, wengine kwa interlukini-2, akibadilisha kiwango na mpangilio. Wagonjwa 66 walipita mikononi mwake. Hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Rosenberg mwenyewe amekuwa akiitaja hesabu hiyo hadharani kwa miaka mingi, na anastahili heshima kwa kutoificha. Lakini tuifikirie kwa upande wa wale 66. Kila mmoja alikuwa na familia iliyomsindikiza hadi mlango wa wodi ile. Kila mmoja alikubali kupewa dawa ambayo ilikuwa haijamponya mtu. Miili yao ndiyo iliyofundisha kiwango kipi kinavumilika, homa huanza saa ngapi, shinikizo la damu hushuka kiasi gani, na kwamba interlukini-2 huifanya mishipa midogo ivujishe maji hadi yakajaa mapafuni.

Wa 67 alikuwa mwanamke wa miaka 33, afisa wa Jeshi la Wanamaji, mwenye saratani ya ngozi iitwayo melanoma iliyokuwa imesambaa. Mwishoni mwa mwaka 1984 alipewa seli zake mwenyewe zilizozoezwa katika interlukini-2, pamoja na kiwango kikubwa cha dawa hiyo kuliko alichowahi kupewa mgonjwa yeyote kabla yake. Nusura afe kwa ukali wa tiba. Baada ya miezi michache picha zake hazikuonyesha uvimbe wowote, akaishi miongo kadhaa baadaye.

Desemba 1985 Rosenberg na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 25. Kwa 11 kati yao uvimbe ulipungua kwa zaidi ya nusu. Magazeti yalishangilia matokeo ya melanoma na ya saratani ya figo. Ndani ya ripoti hiyo mlikuwa na mtu mmoja ambaye wengi hawakumtazama mara mbili: mgonjwa mwenye saratani iliyoanzia kwenye pafu, isiyoweza kufanyiwa upasuaji, ambaye uvimbe wake nao ulipungua. Ilikuwa dalili ya mapema kwamba ugonjwa huu unaweza kuguswa na seli za kinga.

Askari waliokwama vitani

Seli zilizotumika mwaka 1985 zilitoka kwenye damu. Zilikuwa nyingi lakini hazikumjua adui. Swali likawa: ni wapi mwilini zilipo seli T zinazoitambua saratani ya mgonjwa huyu hasa? Jibu lilikuwa ndani ya uvimbe wenyewe. Wataalamu wa hadubini walikuwa wanaona tangu zamani kwamba uvimbe mwingi umejaa seli nyeupe za damu. Hizo ni seli zilizokwisha kumfikia adui, zikamtambua, kisha zikachoshwa na kuzimwa na kemikali za uvimbe kabla ya kumaliza kazi.

Mwaka 1986 timu ya Bethesda ilionyesha katika panya kwamba seli zilizotolewa ndani ya uvimbe zina nguvu mara 50 hadi 100 kuliko zile za awali. Mwaka 1988 zilipewa wagonjwa 20 wa melanoma, na 11 kati yao uvimbe ulipungua. Utaratibu wake, kwa msingi, haujabadilika tangu hapo. Daktari wa upasuaji hukata kinundu kimoja cha saratani. Maabara hukikatakata vipande vidogo na kuviweka katika maji yenye interlukini-2. Baada ya siku kadhaa seli T hutoka kwenye vipande, mbali na kemikali zilizokuwa zikizizuia, na kuanza kuzaana hadi zifike mabilioni. Kisha hurudishwa kwa mgonjwa kupitia mshipa, naye hupewa interlukini-2 ya kuziendeleza.

Hatua moja muhimu ilikosekana hadi mwaka 2002. Seli zilizorudishwa hazikudumu. Zilikuta mwili umejaa seli nyingine zinazogombea chakula kilekile, zikiwemo zile ambazo kazi yake ni kuituliza kinga. Timu hiyo ikaamua kwanza kuziondoa seli za kinga za mgonjwa kwa dawa kali za tibakemikali, ndipo imwekee zile zilizokuzwa. Kati ya wagonjwa 13 wa mwanzo, 6 uvimbe ulipungua, na kwa baadhi yao seli hizo ziliendelea kuzaana mwilini na kuwa sehemu kubwa ya kinga yao. Gharama yake ni kwamba kwa siku kadhaa mgonjwa hubaki karibu bila kinga, na maambukizi madogo tu yanaweza kumuua.

Kwa nini mapafu ni magumu

Melanoma na saratani ya mapafu ya wavutaji zina kitu kinachofanana. Moja huletwa zaidi na jua, nyingine na moshi, na zote mbili huacha maelfu ya makosa katika jeni za seli. Kila kosa linaweza kuzaa protini isiyokuwapo mwilini, na seli T huitambua kama ngeni. Kwa hoja hiyo mapafu yangepaswa kufuata nyayo za melanoma mara moja.

Haikuwa hivyo. Kinundu cha melanoma mara nyingi kiko chini ya ngozi, na kukitoa ni kazi ndogo. Kinundu cha mapafu kiko kifuani, kwa mtu ambaye tayari anahema kwa shida. Interlukini-2 inayojaza maji mapafuni ni hatari ya kipekee kwa mtu ambaye pafu lake moja halifanyi kazi. Tena seli zinachukua wiki kadhaa kukua, na saratani ya mapafu iliyosambaa haina subira ya wiki kadhaa. Wapo waliofariki seli zao zikiwa bado maabara.

Hata hivyo wapo waliojaribu mapema. Mjini Genoa, Italia, timu ya Giovanni Battista Ratto iliwagawa kwa kura wagonjwa 113 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu: nusu wakapewa seli zilizotolewa kwenye uvimbe wao, nusu wakapewa tiba ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Nusu ya waliopewa seli waliishi zaidi ya miezi 22. Kwa wenzao, nusu waliishi zaidi ya miezi 14. Ilikuwa tofauti ya kutia moyo, lakini kazi ya kukuza seli kwa kila mgonjwa peke yake ilikuwa ngumu na ya gharama, na hospitali chache ziliweza kuifanya. Kwa miaka mingi baada ya hapo mapafu yaliwekwa pembeni.

Kilichoyarudisha ni ugunduzi wa aina nyingine. Mwaka 1992, Kyoto, maabara ya Tasuku Honjo ilikuwa imeitambua protini iitwayo PD-1, breki iliyo juu ya seli T. Uvimbe huikanyaga breki hiyo. Dawa ya kuiachilia, nivolumabu, iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya mapafu mwaka 2015, na miaka mitatu baadaye Honjo na James Allison walipata Tuzo ya Nobel. Wagonjwa ambao zamani wangeishi miezi waliishi miaka. Lakini wengi dawa hiyo haikuwasaidia, au iliwasaidia kisha ikashindwa, na hao ndio waliobaki wakiuliza kama kuna kingine.

Mwaka mmoja China

Mwaka 2016 unaonyesha sura mbili za tumaini, zote katika nchi moja.

Aprili mwaka huo alifariki Wei Zexi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 21, aliyekuwa na saratani adimu ya misuli na viungo. Familia yake ilikuwa imetafuta hospitali kwenye mtandao, tangazo la kulipiwa likawapeleka Beijing, na huko wakauziwa tiba ya seli za kinga kwa zaidi ya yuani 200,000. Waliambiwa ni teknolojia ya kisasa kabisa. Haikuwa na ushahidi. Kabla ya kufa kijana huyo aliandika yaliyompata, nchi nzima ikasoma, na serikali ikapiga marufuku biashara ya tiba hizo hospitalini.

Oktoba 28 mwaka huohuo, huko Chengdu, timu ya Profesa Lu You wa Hospitali ya West China ilimpa mgonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa seli T ambazo jeni yake ya PD-1 ilikuwa imekatwa kwa ufundi wa kuhariri jeni uitwao CRISPR. Alikuwa binadamu wa kwanza duniani kupewa seli zilizohaririwa kwa namna hiyo. Waliandikishwa wagonjwa 22, seli za kutosha zikapatikana kwa 17, na 12 wakapewa. Ripoti ya mwaka 2020 ilieleza kwamba tiba ilikuwa salama na makosa ya kukata mahali pasipostahili yalikuwa machache sana. Ilieleza pia, bila kuficha, kwamba kwa nusu ya wagonjwa ugonjwa uliendelea kabla ya kufika wiki ya nane.

Kwa mtu anayetafuta muujiza, Chengdu ilishindwa kama Beijing ilivyoshindwa. Sikubaliani naye. Wagonjwa 12 wa Chengdu walijua wanachoingia, na matokeo yao, mazuri na mabaya, yako wazi kwa kila daktari duniani. Wei Zexi aliuziwa uongo, na pesa ya familia haikununua hata elimu kwa mgonjwa mwingine. Elimu aliyoiacha aliitoa mwenyewe, kwa kuandika.

Tampa na baada yake

Hatua iliyorejesha matumaini ilichukuliwa Tampa, Florida, katika Kituo cha Saratani cha Moffitt, chini ya Ben Creelan na Scott Antonia. Waliandikishwa wagonjwa 20 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Walitolewa kinundu kwanza, kisha wakaanzishiwa nivolumabu huku seli zao zikikua. Kwa namna hiyo muda wa kungoja haukupotea bure. Ambao dawa ilishindwa, 16 kwa jumla, walipewa seli zao.

Matokeo yalitoka mwaka 2021. Kati ya 13 walioweza kupimwa, 11 uvimbe ulipungua kwa kiasi fulani. Watatu walikuwa na nafuu iliyothibitishwa. Wawili saratani ilitoweka kabisa na ilikuwa haijarudi mwaka mmoja na nusu baadaye. Ni wawili tu. Lakini kwa saratani ya mapafu iliyokwisha kuishinda dawa ya PD-1, kutoweka kabisa ni jambo ambalo madaktari walikuwa hawalitarajii.

Mwaka 2024 kundi jingine la wagonjwa 28, ambao dawa za aina ya nivolumabu zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, liliripotiwa: 6 walipata nafuu ya kupimika, baada ya kupewa seli zilizokuzwa kiwandani kwa siku 22. Februari ya mwaka huo seli za aina hiyohiyo, kwa jina la kibiashara Amtagvi, ziliidhinishwa Marekani kwa melanoma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tiba ya seli T kuidhinishwa kwa uvimbe mgumu, tofauti na saratani za damu. Bei yake ilipoidhinishwa ilikuwa dola 515,000 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa mapafu idhini haikutoka. Jaribio kubwa zaidi la seli hizo lilisimamishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani Desemba 2023 baada ya mgonjwa kufariki katika hali iliyohofiwa kutokana na dawa za maandalizi, likaruhusiwa kuendelea Machi 2024. Mwaka huohuo kampuni ya Uingereza ya Achilles, iliyokuwa ikitengeneza seli za kulenga makosa ya jeni yaliyomo katika kila seli ya uvimbe wa mapafu, ilifunga mradi wake kwa kuwa matokeo hayakutosha.

Tunachodaiwa

Kwa hiyo tulipo ni hapa: takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya mapafu iliyoshinda dawa nyingine anaweza kupata nafuu kwa seli zake mwenyewe, wachache wao nafuu ya kudumu, na wote kwa tiba kali inayoweza kuua. Ni kidogo. Lakini kwa wale 66 wa mwanzo ilikuwa sifuri.

Kwetu Afrika Mashariki mambo mawili yanapaswa kutangulia kabla hatujaiota tiba hiyo. La kwanza ni kugundua mapema. Mtu anayekohoa damu na kukonda huku kwetu huanzishiwa dawa za kifua kikuu, na mara nyingi ni sawa, kwa kuwa kifua kikuu ni kingi. Lakini dawa zikimalizika au vipimo vikionyesha hakuna vimelea, na kikohozi kikaendelea, inapasa apigwe picha nzuri na kukatwa kinyama cha kupimwa, si kurudishiwa dozi ileile. Wagonjwa wengi hufika Ocean Road au hospitali nyingine za saratani wakiwa wamepoteza miezi kwa namna hiyo. Hakuna seli za maabara zitakazoirudisha miezi hiyo.

La pili ni kujilinda na wauza tumaini. Matangazo ya tiba za seli yanaifikia simu ya mgonjwa wa Mombasa kama yalivyomfikia Wei Zexi. Mtu akiahidiwa tiba ya namna hiyo, popote duniani, aulize maswali matatu. Je, jaribio hili limesajiliwa kwenye daftari la umma ninaloweza kulisoma? Je, ninatakiwa kulipia kitu ambacho bado kinajaribiwa? Je, matokeo ya walionitangulia yamechapishwa, pamoja na ya waliokufa? Penye jibu la wazi kwa yote matatu, mgonjwa anaweza kuamua kwa akili timamu, hata kama ataamua kujaribu pasipo ahadi ya kupona. Pasipo na jibu, aondoke, na pesa yake aitumie kwa dawa za maumivu, kwa watoto na kwa muda wake na watu wake.